Wageni Jumapili: upike jana yake, uandae nusu, au upikishe?

Wageni kumi na wawili wanakuja Jumapili mchana. Umewaalika mwenyewe, tena kwa furaha, lakini kuanzia Ijumaa jioni kichwani kuna swali moja tu: nitapika saa ngapi? Asubuhi ya Jumapili kuna ibada, kuna usafi, kuna watoto wa kuogesha. Ndiyo maana ni jambo la kawaida sana kufika kwenye nyumba ya watu, ukakaa sebuleni saa nzima ukisikia sufuria zikigongana, na mwenyeji ukamwona mara mbili: anapokuja kusalimia akiwa na kitambaa begani, na anapoleta maji ya kunawa. Mtu anamwita, "Shemeji, njoo basi ukae na sisi." Anajibu kutoka jikoni, "Nakuja sasa hivi." Haji.

Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Sasa mwenyeji atapona vipi kama mgeni anaondoka hawajazungumza? Kwangu mimi, kipimo cha kwanza cha mapishi ya wageni ni hicho: je, njia uliyochagua inakuacha ukae nao? Njia kubwa zipo tatu, na kila moja ina watu wake. Ya kwanza ni kupika kila kitu siku moja kabla, halafu kupasha. Ya pili ni kuandaa sehemu ya kazi mapema na kumalizia siku yenyewe. Ya tatu ni kupikisha au kuagiza.

Tunazipima kwa vigezo gani

Ili kuzitendea haki zote tatu, nitatumia mlo mmoja: pilau ya ng'ombe, kuku wa kupaka, maharage ya nazi, chapati, mchicha, kachumbari, matunda na juisi ya ukwaju. Kwa wageni kumi na wawili pamoja na watu wa nyumbani, mchele kilo 2 unatosha, maana kilo 1 hulisha watu kama 8 pale ambapo kuna vyakula vingine mezani. Na kabla hujanunua chochote, wapigie simu. Uliza nani ana kisukari, nani ana presha, nani hali nyama. Simu hiyo moja inaweza kubadilisha orodha nzima.

Kila njia nitaitazama kwa mambo manne: siku yenyewe inakuwaje kwako, ladha inafika mezani ikiwa na hali gani, usalama wa chakula, na gharama pamoja na vifaa. Kisha nitasema inamfaa nani.

Kuhusu usalama, yapo mambo ambayo hayabadiliki hata ukichagua njia ipi. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya muda wa saa 2, na joto likivuka nyuzi 32, kama inavyotokea Dar es Salaam na Mombasa miezi ya Januari na Februari, muda huo unashuka hadi saa 1. Friji iwe na ubaridi wa nyuzi 5 au chini yake, na friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hulinda chakula kwa takriban saa 4. Friza iliyojaa huvumilia kama saa 48, na iliyojaa nusu kama saa 24, alimradi mlango haufunguliwi funguliwi.

Wali unastahili tahadhari ya peke yake. Ndani ya mchele huwa kuna mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukilala kwenye sufuria juu ya meza, bakteria hao huzaliana na kuacha sumu ambayo hata ukipasha hadi ukoko uungue haiondoki. Tumelelewa na viporo vya wali na chai asubuhi, najua. Lakini unapowalisha watu kumi na wawili, wakiwemo wazee na watoto wadogo, usicheze na wali uliolala nje.

Njia ya kwanza: kupika vyote Jumamosi, kupasha Jumapili

*Siku yenyewe.* Jumapili unabaki na kupasha, kukata kachumbari na kupakua. Nyumba inanukia viungo, sio moshi, na wewe umeshaoga. Kuna mtego mmoja tu ambao wengi hawauoni mapema: jiko la gesi la pleti mbili haliwezi kupasha sufuria nne kwa wakati mmoja. Kama wageni wanakula saa 7 mchana, anza kupasha saa 6 kasoro, kimoja baada ya kingine, na kila kinachotoka motoni kiingie kwenye hotpoti.

*Ladha.* Hapa vyakula havifanani kabisa. Mchuzi wa nyama, supu na maharage huwa vitamu zaidi siku ya pili, kwa sababu viungo vimepata muda wa kuingia. Pilau nayo inavumilia: irudishe motoni na vijiko vichache vya supu au maji, ifunike vizuri, moto uwe mdogo, na ukiweza palia makaa machache juu ya mfuniko. Wali wa nazi hauvumilii, unakuwa mgumu na nazi yake huchacha upesi. Kuku wa kupaka ni shida mara mbili, maana nyama inakauka na tui hukatika ukilichemsha tena kwa moto mkali. Chapati zinaharibika kidogo, mchicha unapoteza rangi, na sambusa iliyokaangwa jana haijifichi, inakuwa laini kama mkate.

Wapo wanaoona aibu kumpa mgeni chakula cha jana. Pilau iliyopikwa Jumamosi jioni, ikapozwa ipasavyo na kupashwa vizuri, ni chakula cha heshima. Kiporo kinachotia aibu ni masalia ya sahani za jana. Hiki umekipika kwa ajili yao na hakijaguswa.

*Usalama.* Kati ya njia zote, hii ndiyo inayodai umakini zaidi, na kazi yote iko kwenye kupoza. Sufuria kubwa ya pilau ukiiingiza kwenye friji ikiwa ya moto, katikati yake itabaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, na huko ndiko bakteria wanakopenda. Itandaze kwenye masinia au vyombo vifupi, kina kisizidi sentimita 5, ikiacha kutoa mvuke iingie kwenye friji. Mchuzi uweke kwenye beseni la maji ya baridi huku ukikoroga. Siku ya pili pasha hadi chakula kitoe mvuke mpaka katikati (ukiwa na kipimajoto, nyuzi 74), na upashe mara moja tu. Mtaa wenu ukiwa na umeme wa kuvizia, fikiria mara mbili: friji ikizimika usiku wa Jumamosi, mlo wote umo humo.

*Gharama na vifaa.* Hela hazizidi sana, ila gesi inatumika mara mbili kwa chakula kilekile. Unachohitaji kwa kweli ni nafasi. Friji ya kawaida ya nyumbani haimezi masinia mawili ya pilau, maharage, kuku na juisi mpaka uondoe kila kilichokuwamo.

*Inamfaa nani.* Mwenye Jumamosi nzima mkononi, msaidizi, friji kubwa na umeme wa uhakika, hasa ambaye Jumapili asubuhi hawezi kuwa nyumbani kabisa. Akibadilisha kuku wa kupaka kwa mchuzi mzito wa nyama, njia hii inamkubali kabisa.

Njia ya pili: kuandaa nusu, kumalizia siku ya wageni

Hii ndiyo njia yenye mengi ya kusema, kwa sababu kazi ya chakula cha wageni haimo kwenye kukoroga sufuria. Imo kwenye kumenya, kukatakata, kukuna, kutwanga, kukanda na kusukuma. Hizo zote zinaweza kufanywa siku kadhaa kabla, jioni moja moja, ukiwa umekaa, na kinachobaki ni kuunga.

*Siku yenyewe.* Utakuwa jikoni kwa saa moja na nusu hivi, tena kabla wageni hawajafika. Pilau inaiva upesi kwa sababu nyama imeshachemshwa, supu ipo na vitunguu vimeshakaangwa. Unachemsha supu, unatia viungo, vitunguu na nyama, mchele unaingia, unafunika. Kuku anapelekwa kwenye makaa, na kazi hiyo mpe kijana wa nyumbani au mgeni anayekuja mapema, maana daima yupo mmoja anayetaka kusaidia. Tui linaungwa mwisho.

*Ladha.* Mlo unatoka motoni siku hiyohiyo, kwa hiyo ladha iko karibu sana na ile ya kupika papo kwa papo. Siri ni kujua kipi kinatangulia na kipi kinasubiri.

Vitunguu vya pilau vinaweza kutangulia kwa wiki nzima. Vikate vyembamba vinavyolingana, vikaange kwenye mafuta ya kutosha, na uvitoe vikiwa na rangi ya asali, kabla havijawa kahawia. Vinaendelea kuiva hata baada ya kutoka motoni, na ukisubiri rangi unayoitaka ukiwa bado unakaanga, vitakuwa vichungu. Vitandaze vipoe, kisha viingie kwenye friza. Tangawizi na kitunguu swaumu visage pamoja na mafuta kidogo, mimina kwenye trei ya barafu, vikishaganda vihamishie kwenye mfuko. Kipande kimoja au viwili vinatosha sufuria. Mchanganyiko huo usiuache nje ya friji, maana swaumu ndani ya mafuta kwenye joto la chumba inaweza kuzalisha sumu kali.

Chapati zisukume na uzibabue pande mbili kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, mpaka zitoe madoa hafifu. Zikipoa, zipange kwa kutenganisha na vipande vya nailoni na uzigandishe. Jumapili unazipitisha kwenye kikaango chenye mafuta, dakika moja au mbili kila moja, na hakuna atakayejua kwamba unga ulikandwa Jumatano.

Wenye desturi ya kufuturisha wanaijua njia hii kuliko wote. Wiki moja kabla ya Ramadhani, nyumba nyingi za pwani zinakuwa kiwanda cha sambusa. Nyama iliyokaangwa inapozwa kabisa kwanza, kwa sababu ikiwa bado ya moto hulowesha manda, zile karatasi za unga za kufungia, na kuzipasua. Zikishafungwa zinapangwa kwenye sinia zisigusane, zinagandishwa mpaka ziwe ngumu, ndipo zinaingia mfukoni. Siku ya kukaanga hazisubiri kuyeyuka. Zinatoka kwenye friza moja kwa moja hadi kwenye mafuta yenye moto wa wastani.

Maharage yaloweke usiku na uyachemshe Jumamosi. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu angalau dakika 10, kwa sababu yana sumu ya asili isiyoondoka kwa moto mdogo. Tui usilitie siku hiyo, lina zamu yake Jumapili. Nazi unaweza kuikuna mapema na kuigandisha, kazi ya mbuzi ikawa imekwisha. Kuku mpake tangawizi, swaumu na chumvi tangu Jumamosi, lakini ndimu au limau mtie saa chache tu kabla ya kumchoma, maana ukali wake ukikaa sana hubadilisha nyama ikawa ya ungaunga.

Vya kusubiri ni vichache. Nyanya na matango ya kachumbari hukatwa siku yenyewe, na chumvi hutiwa dakika za mwisho, la sivyo bakuli linajaa maji. Viazi vilivyomo ndani ya mchuzi havipendi friza, vinakuwa kama sifongo. Mchicha uchambue na uuoshe Jumamosi ukitaka, ila uupike mwisho.

*Usalama.* Hatari imepungua kwa sababu chakula kilichoiva hakilali kwa wingi. Kinachobaki ni nidhamu ya vitu vibichi: nyama na kuku vikae chini kabisa kwenye friji, ndani ya bakuli lenye mfuniko, visije vikachuruzikia matunda. Kilichoganda kiyeyushe ndani ya friji, sio juu ya meza, na kuku mzima mpe siku nzima. Umeme ukikatika utapoteza baadhi ya vitu, lakini mlo haupotei wote.

*Gharama na vifaa.* Manunuzi yanatawanyika wiki mbili tatu, kwa hiyo mfuko haushtuki, na unapata kununua kitunguu au ukwaju siku bei ikiwa nzuri. Lakini friza inahitajika. Asiyekuwa nayo anaweza kufanya hatua za Ijumaa na Jumamosi tu, na hata hizo zitampunguzia zaidi ya nusu ya kazi. Kinachogharimu zaidi hapa ni mpangilio. Karatasi moja mlangoni mwa friji yenye siku na kazi zake inaokoa mengi, na kila mfuko uandikwe jina na tarehe, kwa sababu nyama ya sambusa na nyama ya kima vikiganda vinafanana kabisa.

*Inamfaa nani.* Mfanyakazi mwenye jioni chache huru, familia inayopokea watu mara kwa mara, na yeyote anayejali chakula kitoke motoni. Haimfai asiyependa kupanga. Ukiianza ukaiacha katikati, Jumapili utajikuta na friji iliyojaa vitu nusunusu na kazi ileile.

Njia ya tatu: kupikisha au kuagiza

*Siku yenyewe.* Hapa kuna namna mbili. Unaweza kumwita mpishi nyumbani, ukanunua vitu mwenyewe naye akalipwa kwa kazi, au ukaagiza chakula kikaja kimeiva. Mikono yako inapumzika, ingawa akili haipumziki yote: mpishi anauliza chumvi iko wapi, au unampigia simu mtu wa kuleta chakula huku wageni wakisoma magazeti. Kwa chakula cha kuletwa, patana kifike muda wa saa 1 kabla ya kula. Foleni za mjini zinajulikana.

*Ladha.* Mpishi wa shughuli aliyezoea kupikia mamia hakosei kiasi cha maji cha pilau, na biriani yake pengine huiwezi. Lakini mkono ni wa kwake. Agiza sahani mbili tu wiki moja kabla, uonje, useme pilipili ipunguzwe. Ukweli ni kwamba wapo wageni wanaokuja kwa hamu ya mkono wako wewe, na hao utawajua.

*Usalama.* Swali ni chakula kilipikwa saa ngapi na kimesafiri namna gani. Kikifika kinatoa mvuke, kiweke kwenye hotpoti, maana kinatakiwa kibaki juu ya nyuzi 60. Kikifika na uvuguvugu, kipashe mara moja. Kwa mpishi anayekuja kwako, angalia maji anayotumia, na ubao wa kukatia kuku usikatie matunda.

*Gharama na vifaa.* Hela inayotoka kwa mkupuo ni kubwa kuliko njia nyingine, ingawa kadiri watu wanavyoongezeka, gharama kwa kila sahani hupungua. Na si lazima upikishe vyote. Chapati za mama wa mtaani mwenye mkono mzuri, au sambusa za jirani anayezifanya kwa biashara, zinaondoa kazi nzito kuliko zote na kumpa mtu riziki. Vifaa vyako ni sahani na hotpoti tu.

*Inamfaa nani.* Mwenye wageni wengi kuliko jiko lake, mama aliyejifungua, anayeuguza, anayeishi chumba kimoja na jiko moja, na aliye kazini mpaka Jumamosi usiku. Hakuna dharau yoyote katika kupikisha.

Kuna pia utaratibu wa kila mmoja kuja na chombo chake. Kwa marafiki na ndugu wa karibu ni mzuri, mradi mtu mmoja agawe nani analeta nini, msije mkawa na pilau nne na hakuna mboga.

Hali yako ikoje?

Umeme ukiwa unakatika ovyo, weka pembeni njia ya kwanza. Andaa vile vinavyovumilia, kama unga wa viungo, maharage makavu yaliyochambuliwa na ukwaju, na upike asubuhi na mapema ukiwa na mtu wa kukusaidia.

Wakwe wanakuja kwa mara ya kwanza? Ningeenda na njia ya pili, nikaongeza kitu kimoja cha kununua, kwa mfano chapati. Chakula kitoke motoni, nawe uonekane sebuleni, kwa sababu wamekuja kukufahamu wewe.

Kama wageni ni zaidi ya thelathini, mpishi aje. Wewe andaa kachumbari, matunda na juisi, na chagua mtu mmoja wa nyumbani atakayeshughulika naye ili usiitwe kila dakika.

Wageni wakiwa wa kulala siku kadhaa, changanya zote. Siku ya kuwasili wape kilichopikwa jana yake, kama mchuzi au supu, maana basi halina saa ya kufika. Siku ya pili malizia ulivyoandaa nusu. Siku moja mnunue chakula nje mkiwa matembezini.

Ukiwa na friji ndogo isiyo na friza, na wageni hawazidi wanane, punguza orodha. Pilau, mchuzi mmoja, kachumbari na matunda ni mlo kamili. Nyama ichemshwe Jumamosi usiku, vitunguu vikatwe, mengine Jumapili.

Na kama nyumba yako ni ya wale wanaobishiwa hodi bila taarifa, weka akiba ya kudumu: mfuko wa sambusa, chapati kumi zilizobabuliwa, maharage yaliyochemshwa na vipande vya tangawizi na swaumu. Mgeni akibisha saa 12 jioni, maharage yanaungwa nazi, chapati zinapita kwenye kikaango, sambusa zinaingia kwenye mafuta, na ndani ya dakika 40 mnakula. Ukitumia mfuko mmoja, jaza mwingine wiki hiyohiyo.